Lami Tuliiacha Kushoto

Pemba haina mlima, walinicheka Unguja,
ina vichuguu tu vilivyovaa mikarafuu.
Basi na waje wavipande vichuguu hivyo,
arubaini kwa siku, juu, chini, juu tena,
na kila bonde lina tope lake
na kila tope lina kiatu lilichokwisha kukimeza.

Tulitoka Kengeja baada ya sala ya alfajiri,
mimi na Shaame, mtoto wa ami yangu, fundi cherehani,
ambaye kwa miaka kumi safari yake ndefu
ilikuwa ya kutoka kibandani mwake hadi msikitini.
Begi lake lilikuwa zito kama deni.
Kilima cha pili nikamfungulia: pasi ya mkaa!
"Fundi havai shati la mikunjo," akasema,
na jasho linamchuruzika mpaka kwenye soksi.

Pasi tukaiacha Mtambile kwa Bi Tumu,
tusiyemjua wala asiyetujua.
Akaipokea kama mtu apokeavyo mtoto wa jirani.

Siku ya kwanza mwili hulalamika kama mpangaji.
Ya pili hutishia kuhama.
Ya tatu hunyamaza, na hapo ndipo uuogope.

Ngwachani, mzee mmoja na jembe lake:
"Mnendapi?"
"Kigomasha."
"Gari hamna?"
"Zipo."
"Nauli?"
"Ipo."
"Mmeweka nadhiri?"
"Hatukuweka."
"Basi mna wazimu. Karibuni uji."

Uji ule, wenye pilipili manga,
mpaka leo ulimi wangu unaukumbuka
kuliko jina la aliyetupa.

Ole, goti la Shaame likavimba kama shelisheli.
Akakaa ukingoni mwa jamvi la karafuu za watu,
akaomba sindano, akashona mkanda wa begi langu
kwa uzi mwekundu, maana mweusi haukuwapo,
akasema nenda, mimi nitawatilia watu viraka hapa.
Sikugeuka nyuma. Niligeuka mara moja.

Peke yangu nilianza kuzungumza na kidole gumba.
Tulikuwa na mengi. Mzambarauni kikapoteza kucha;
niliizika chini ya mgomba bila ya dua,
nikafunga kitambaa, nikaendelea.
Jasho langu lote lilinuka pilau.

Ngezi mvua ilinilaza kwenye baraza la walinzi wa msitu.
Popo walitoka juu yetu wengi, wakubwa,
kama miamvuli iliyokosa wenyewe.
Mlinzi Asaa alinipa nusu ya muhogo wake,
kisha akanipa na ile nusu nyingine,
akasingizia ameshiba.

Na Kigomasha, ardhi ikaisha.
Miguu haikuelewa: iliendelea hatua mbili ndani ya maji.
Chini ya mnara wa taa mtoto mmoja alikuwa akinyonya ukwaju.
"Umefuata nini huku?"
Siku tisa nilikuwa na jibu. Nikamwomba maji.

Nilirudi na pikapu ya Khatib,
saa mbili kasorobo, Kigomasha mpaka Mtambile.
Vilima vililala chali tukavipita juu ya matumbo.
"Punguza," nikamwambia, "hapa nilizika kucha."
Akaongeza sauti ya redio.
Ole tukampakia Shaame, na kikapu cha mayai
alicholipwa kwa suruali sita na pazia moja.

Tukabisha kwa Bi Tumu. Pasi ilikuwa ya moto,
na chini yake sare ya shule.
"Imewapigia nguo watoto wa mtaa mzima," akasema,
"ngojeni nimalize kola."
Tukangoja. Shaame akavua shati lake, akampa.
Nikavua na mimi, nikabaki na fulana,
nikatazama mikunjo ya siku tisa ikiondoka
mmoja mmoja, na mvuke wake.
Alipofika begani, pale ulipolala mkanda,
nikasema, "Huo uache."
Akaukandamiza pasi mara tatu, akainua shati dirishani.
"Hata nikitaka, mwanangu, hautoki. Jua limeshaupiga rangi."