Ishirini na Tano

Kwangu inakwenda. Nimemwambia mara tatu
Mundhir wa kiwanda cha maji, Barka,
na kila nikisema, sentensi yenyewe inaona haya.
Kwangu: kompyuta mpakato, chumba cha juu, Maabela,
saa nane za usiku, Agosti,
kiyoyozi kimekufa tangu Jumatano,
jasho linadondokea herufi.

Kwake programu ileile haifiki sekunde ya pili.
Inaanguka. Haitaji kosa, haiombi radhi,
inaacha mstari mmoja tu na kwenda zake
kama mtu aliyetoka msikitini na viatu vya mwenzake.

Mashine yake ni ya zamani, chipu ya ukoo mwingine.
Iliwekwa kando ya pampu za kuchuja chumvi
mimi nikiwa darasa la nne,
na hakuna mkubwa anayethubutu kuizima.
"Itupeni," aliandika mmoja wao. "Mbovu hiyo."

Nikachimba. Nikatia alama kila mlango wa msimbo,
nikamwomba Mundhir aiendeshe, anitumie inachosema.
Ikasema inataka nafasi kwenye kumbukumbu,
milioni mia nne na kumi na tisa,
laki nne, elfu thelathini, na mia nne juu yake,
ili ihifadhi vipimo vya mita ishirini na tano.

Ishirini na tano tu, mashine we!

Asubuhi kaja fundi wa kiyoyozi, kijana wa Nizwa.
Shangazi Zeyana akamuuliza bei palepale mlangoni.
"Khamsa wa ishrin."
Shangazi akageuka, akapaza sauti hadi jikoni:
"Ishirini na tano! Mwizi huyu!"

Tano na ishirini.
Ishirini na tano.
Riale zilezile,
nami nimesimama na kikombe, chai inapoa.

Kompyuta yangu inahesabu kama fundi, dogo mbele.
Ya Barka inahesabu kama shangazi, kubwa kwanza.
Na mimi nimewapelekea wote barua moja
bila kusema tunaanzia upande gani.

Haikuwa mbovu. Ililelewa kwingine.
Shangazi naye, alipofika hapa kutoka Unguja,
walinong'onezana dukani kwamba hajui hesabu.

Mistari sita. Kwenye faili, kubwa kwanza,
kwa desturi ya shangazi,
kila mashine igeuze kwa ulimi wake ikifika nyumbani.
Kwenye maelezo nikaandika: mpangilio wa baiti.
Habari za kiyoyozi sikuzitia.

"Inakwenda," akajibu Mundhir kabla ya adhuhuri.
Dakika kumi baadaye:
"Ile ya Sohar imeanguka. Na ni mpya kabisa."

Nikafungua tena. Hewa baridi imeanza kushuka.
Chini fundi anafunga mkoba, wanabishana upya,
wamefika kumi na nane,
nane na kumi.