Kitenzi cha Ruwi

Jioni, darasani, Bwana Kurian aliandika
kitenzi kimoja, akakizungushia duara la chaki.
"Kina maana mbili," akasema. "Ya ukuta na ya bahasha."
Sisi watu wazima, magoti yamegota chini ya madawati ya watoto,
tukanukuu.

Ya ukuta naijua. Kule Ibra babu
aliijengea ukuta mitende yake kumi na mmoja
kabla hajaijengea nyumba yake paa.
Mbuzi wa jirani wakapenya vilevile.

Ya bahasha nimeijulia kazini,
duka la kuchapa barua, nyuma ya kituo cha mabasi:
*humu ndani utakuta nakala ya…*
Kiingereza husema kimeshatia
mkono ukiwa bado unatafuta.
Mara ngapi bahasha imeondoka tupu!

Kiswahili chetu, alichokuja nacho bibi toka Wete,
hakina neno moja la kazi zote hizo.
Ukuta huzungushwa. Barua huambatanishwa.
Siri hufumbatwa, mwari huwekwa ndani,
mtoto hukumbatiwa, maiti husitiriwa.
Kila kitu na mlango wake.

Alhamisi kaja Mwantumu, wa Korogwe,
katumwa mkate, kaiba robo saa.
"Niandikie ubalozi, dada. Sema nataka kurudi."
Nikachapa. Vidole, kwa mazoea, vikafika palepale:
*humu ndani, nakala ya pasipoti.*
"Iko wapi?"
"Kabatini kwa mama. Ufunguo kauvaa shingoni."
"Na nyumba?"
"Geti la rimoti. Nafunguliwa, sijifungulii."

Kishale kikawaka kwenye skrini, kikazima, kikawaka.
Bwana Kurian,
ulisema maana mbili.

Nikafuta mstari. Nikaandika:
*Humu ndani hamna kitu.
Kilichotakiwa kuwamo kimefungiwa,
na mwenye nacho pia.*

Ya ubalozi nikabaki nayo, niipeleke mwenyewe.
Yake akaikunja mara nne, mara tano,
akaichomeka katikati ya mikate ya moto,
akafunga fundo mfuko,
akalifungua kidogo, akachungulia,
akalifunga tena.

Nusu riali aliyoiacha mezani
ilikuwa na joto la kiganja.
Sikujua niitie wapi.