Springi Kumi na Mbili

Julai. Theluji imebaki vileleni tu,
kama povu la sabuni nyuma ya sikio la mtoto.
Mashine ya kusawazisha theluji imelala gereji, tumbo wazi,
na Notburga ameacha mafuta yachuruzike kwenye karai.
Anayanusa kabla ya kuyatazama.
Yananuka mkate ulioungua.

Asiyeijua winchi hii hudhani ni nguvu inayoshika.
Sivyo. Mafuta yakisukuma, breki huachia;
yakikata, springi hubana.
Kushika ndiyo hali yake ya kuzaliwa,
kuachia ndiko kunakotaka kazi.
Kitanda chake kina mito miwili mpaka leo,
mwaka wa nane huu.

Boliti nane. Robo mzunguko, kisha ya upande wa pili, kisha robo.
Usiimalize moja peke yake: springi iliyobanwa
haina adabu. Muulize kovu la kidevuni.
Kifuniko kinajiinua kiasi cha ukucha.
Anazipanga springi juu ya gazeti la Jumapili: kumi na mbili.
Anahesabu tena, kwa sauti.

Diski ya chuma, diski ya msuguano, chuma, msuguano.
Kalipa inaiuma kila moja.
Ya tatu kutoka chini imelika:
kati yake na jaa
pamebaki unene wa unywele.

Mwezi Machi, usiku, bomba la mafuta lilipasuka
kwenye mteremko wa Geierwand,
na kaka yake, Vinzenz, akaning'inia kwa waya hadi kulipokucha,
yeye na tani zake zote za chuma,
akila soseji baridi, akiimba.
Aliposhuka aliwasha kanisani mshumaa wa kilo nzima.
Anasema ni Mtakatifu Ana.

Diski mpya zimelala kwenye mafuta safi tangu jana.
Pete ya mpira anaipaka kwa kidole kimoja,
polepole, kama dawa ya mdomo.
Kisha pampu ya mkono: bar kumi. Kumi na tano. Kimya.
Ishirini na moja: tk. Imeachia.
Anafungua vali. Tk.
Imeshika.

Vinzenz anachungulia mlangoni, buti zina matope.
"Imepona?"
"Imepona."
"Basi mwaka huu nitawasha mshumaa mdogo."
Mfukoni mwa ovaroli, kidole chake kinazunguka
ukingo wa ile diski ya tatu.
"Washa uleule wa kilo," anasema.