Kilomita Themanini na Sita

Baba aliipima kwa rula ya shule
juu ya ramani iliyochanika mikunjoni:
Goma hadi Kavumu, mstari wa penseli
ukivuka ziwa, ukigusa bega la Idjwi,
usiombe njia kwa mtu.
Pembeni akaandika: dakika ishirini na tano.
Upepo ukiwa mkaidi, ishirini na nane.

Miaka kumi na tisa Bagalwa alikaa chumba cha redio,
mgongo kwa volkano, uso kwa uwanja
ambao lava ilishakula ncha yake moja,
kikombe kikiacha duara juu ya daftari.
Kuondoka, saa mbili na dakika kumi.
Kufika, saa mbili na thelathini na tano.
Abiria kumi na mmoja. Vifaranga mia mbili.
Bibi harusi mmoja, analia
(hilo hakutakiwa kuliandika).

Mwenyewe hakupanda hata siku moja.
"Mimi nimeiona mizani," alisema,
"nimeona mizigo ya wakubwa ikipimwa kwa jicho."

Shangazi Nsimire alipofiwa na mume, kule Kadutu,
baba alishuka bandarini jioni na chupa ya chai.
Usiku kucha majini.
Akafika miguu imevimba, akakuta udongo umefukiwa,
wanawake wanaosha masufuria.
"Ndege, Bagalwa! Ndege unazoziaga kila asubuhi kwa kinywa chako!"
Akajitetea: kutoka Kavumu hadi mjini napo ni mbali,
mashimo, vizuizi, malori yamelala njiani;
angani ni kikombe cha chai,
ardhini ni sufuria ya maharagwe.
Hakusikilizwa.
Mihogo ya Nsimire ilikomaa mara mbili
kabla hajamtamkia tena jina.

Sasa uwanja umenyamaza.
Baba naye amenyamaza, tangu mwezi wa nne.
Aliacha redio mbovu, makoti mawili, daftari hili,
nami nampelekea dada yake, kwa boti,
maana hakuna kingine cha kupanda.

Nimeweka saa mapajani.
Dakika ya ishirini na tano:
bado naona taa za Himbi,
bado mama wa sambaza anagombana na karani juu ya ndoo zake,
bado mtoto aliye nyuma yangu
anauliza kama tumefika.
Kwa hesabu ya baba tungekuwa tumeshatua,
milango wazi, vifaranga wanapiga kelele juani.

Nafungua kurasa kwa mwanga wa simu.
Karibu na mwisho, tarehe ya msiba ule,
kwa mwandiko uleule uliolala kidogo kulia:
Kuondoka, saa tatu kamili.
Abiria: Bagalwa.
Kilo sitini na nane.
Mzigo: chupa ya chai, kitenge cha Nsimire.

Alijipima, basi.
Alikwenda kwenye mizani ileile, akavua viatu labda,
akasubiri mshale utulie,
akarudi akajiandika kama anavyoandika wengine.

Kufika: hapana kitu.
Na juu ya jina lake umepita mstari,
si wa hasira, si wa mkono unaotetemeka.
Umenyooka. Umepigwa kwa rula.

Nimeupima kwa ukucha, boti likiyumba.
Sentimita nne, kama sikosei.
Idjwi inapita kushoto, gizani,
ndefu kuliko nilivyodhani.