Treni ya Saa Moja

Stesheni wamesema saa moja jioni.
Mimi mzaliwa wa Cheyo, nimelelewa na honi,
najua saa moja ya reli ni neno la adabu tu.
Kwa hiyo sisongi ugali. Ugali haungoji mtu,
ukipoa ni tofali. Wali nao hununa.

Nachemsha makaroni
katika sufuria ya shughuli, maji yenye chumvi ya kueleweka,
nayaepua yangali na ubishi kidogo kwenye jino,
nayachuja, nayamwagia mafuta ya alizeti
yasije yakashikana mashati kama ndugu.

Mama, kutoka kibarazani:
"Kalunde, hivyo ni vyakula vya Idi, hutiwa sukari na iliki.
Wewe umetia kitunguu. Sasa hiyo ni nini?"
"Saladi, mama."
"Saladi ni kabichi."

Nyama nimeifuata bucha ya Ng'ambo.
Nikamwambia Kapufi, usinipe ya mchuzi,
nipe steki, nene kama kiganja, isiyo na mfupa.
"Leo anakuja nani?"
"Sizya."
Akanyamaza. Akaongeza kipande, hakukipima.

Tangu asubuhi imelala kwenye asali,
ile nyeusi ya Sikonge, yenye harufu ya moshi wa warinaji,
na ndimu mbili, na saumu, na pilipili manga.
Jiko sasa limeshika. Mkaa umeacha kusema, unapumua.
Naiweka, chaaa!
Moshi unaingia kwa jirani bila hodi.
Dakika nne. Nageuza mara moja tu. Nne tena.
Mistari myeusi imejipanga mgongoni mwake kama mataruma ya reli.

Kisha naitoa, naifunika kwa sahani, naiacha.
Hapa ndipo wengi hukosea.
Nyama ikitoka motoni ina hasira;
ukiikata papo hapo, maji yake yote hukimbilia ubaoni
na wewe ukabaki unatafuna kamba.

Sisi tulimzika baba Jumanne.
Alhamisi tukaikata nyumba.
Mikeka ya matanga haijakunjwa, Sizya ana futi mkononi,
mimi nina kalamu, na sauti ambayo sikujua ninayo.
Ilikuwa ingali ya moto.
Kila kilichokuwa ndani yake kikamwagika.
Miaka sita yuko Kigoma, anafufua injini za boti pale Kibirizi,
na salamu zake humjia mama,
"pamoja na wengine wote."
Wengine wote ni mimi.

Haya, imetulia. Naikata kukatiza nyuzi, vipande vyembamba.
Nyanya. Tango. Hoho la kijani.
Kitunguu nimekifikicha kwa chumvi hadi ukali umekitoka.
Karanga za kukaanga, zilizopondwa nusunusu,
kotimiri, ndimu nyingine.
Nachanganya kwa mikono; mwiko huvunja.

Saa moja. Saa tatu.
Saa sita mama amelala, kanga usoni.
Bakuli limefunikwa na linazidi kukolea.
Sijui chakula kingine
ambacho kuchelewa ni kiungo chake.

Saa tisa na robo, honi.

Alishuka behewa la nyuma na dumu la mawese,
na mvi ambazo hakuondoka nazo.
Hatukukumbatiana. Nilifunua bakuli.
Akala kwa vidole, amesimama,
watu wakimpita na magunia ya dagaa,
kuli mmoja akimwambia, "Bosi, sogea."
Hakusogea.
Kipande cha kwanza. Cha pili.
Cha tatu alikitafuna muda mrefu
kuliko nyama ile ilivyodai.

"Chumvi imepungua," akasema.

Nikasema, "Ndiyo."

Haikupungua.