Kokwa ya Tende

Muuzaji pale Ghubra alinifungulia kitabu king'aacho:
"Kifurushi kizima cha kiwandani, Bi Zuwena.
Springi ndefu, bamba la chini, difu ya kufunga,
na dhamana miaka mitano."
Dhamana: neno tamu kama halua ya Barka.

Shemeji Muhanna alicheka hadi kofia ikamtoka.
"Nunua tupu. Twende kwa Biju, Wadi Kabir,
akufunge winchi na shokomzoba za kweli,
chenji tule mishikaki."
Na dhamana? "Dhamana ni Biju kupokea simu."

Nilihesabu riale usiku kucha.
Nikanunua la kiwandani.

Ijumaa, mchanga wa Bidiya:
langu limekaa kitako kama ngamia aliyesusa,
taa zote zikinishauri kwa Kiarabu fasaha.
La Muhanna, winchi yake na yote,
limezama hatua kumi mbele;
winchi itashika nini, na mti haupo?

Akatokea Shamsa na pikapu ya mbuzi, mlango rangi nyingine.
Hakuuliza bei.
Alitema kokwa ya tende, akaibana kwenye valvu.
Fyuuu.
"Mmekuja na upepo wa mjini," alisema,
akahamia gurudumu la pili.

Kokwa ninayo bado, kibwetani, pamoja na sarafu.
Muhanna anasema haina dhamana.