Kishikio

Mvule haupendi haraka.
Ubao huu ulikuwa kizingiti cha ghala la pamba Kendu,
umekauka miaka arobaini bila kuulizwa neno.
Nimeupasua mara tatu, kipande cha kati nimekigeuza kichwa chini,
nyuzi zisije zikaambizana njia ya kupinda.
Gundi, kisha jiriwa sita, kisha usiku.

Mbita wananijua kwa vitanda.
Vitanda, makabati, na majeneza ya ghafla.
Wandiga alipokuja kuniagiza bunduki nilicheka.
Akanionyesha picha kwenye simu yenye ufa:
bunduki isiyojua baruti,
mpira, mshale, na mtu aliyebana pumzi.
"Takawiri maji ni meupe," akasema,
"unamwona sato anavyokukodolea."

Mimi sijui kuogelea. Niliseme mapema.
Nimezaliwa Vihiga, kwenye chai na mawe,
ziwa nimeliona nikiwa na ndevu.

Nikampa tonge la udongo mbichi,
nikamwambia alishike kama atakavyoshika huko chini.
Alipofumbua mkono nikahesabu alama: gumba, na vidole vitatu.
Cha kati kilibaki kwenye injini, mwaka wa mafuriko.
Basi nikachonga hivyo hivyo,
mabonde manne,
na kilima pale pasipo na mtu.

Mshale ni fito ya mashine ya maziwa iliyokufa,
chuma kisichoshika kutu.
Mpira ni tyubu ya trekta, nimeikata kwa wembe.
Kifyatulio nilikitengeneza mara tano.
Mara nne kilifyatuka nilipokohoa.

Uzito ndio ulionitoa jasho.
Isielee, alisema, wala isizame.
Ikae pale unapoiacha,
kama mgeni asiyekaribishwa wala kufukuzwa.
Nikajaza pipa nyuma ya karakana,
nikaitoboa tumbo, nikamimina humo
risasi pekee itakayowahi kuijua: ile ya betri kuukuu.
Ikazama. Nikakwangua. Ikainua pua.
Wenye vitanda wakasubiri.
Kageha, mke wangu, akauliza kama siku hizi ninabatiza.
Siku ya nne ikatulia katikati ya maji,
haina safari,
nami nikainama juu ya pipa
hadi chai yangu ikaota ngozi.

Aliirudisha. "Inavuta kushoto."
Nikapitisha msasa kwenye mfereji, unene wa unywele.
Aliirudisha. "Bado kushoto."
Hapo nikatazama mkono wake, si mbao.
Palipo pengo, kiganja husukuma.
Nikabandika kwenye kilima kibanzi cha upana wa punje ya mtama.
Hakurudi tena.
Ila Jumamosi moja nilikuta mbuta mlangoni, ndani ya gunia,
tundu moja tu, nyuma ya jicho.

Miaka mitatu ikapita, akaja na binti.
Sikio lake la kulia lilipasukia kwenye kina,
daktari wa Homa Bay amemkataza maji.
Alisimama kiupande, akinipa sikio zima.
"Huyu ni Akeyo. Irekebishe imfae."
Akeyo akaishika. Kilima kikamchoma.
Nikachukua patasi.
Wandiga akasema anakwenda kununua sigara.
Wandiga havuti sigara.

Nikachonga, punje baada ya punje,
pale nilipokuwa nimejaza ili pengo lisionekane.
Unga wa mvule ulinidondokea kwenye kiatu.
Binti alikuwa kimya, anafuata patasi kwa macho, kisha:
"Fundi, usimalize chote."
Nikamwambia kikibaki, itavuta.
"Upande gani?"
Kulia, nikasema, kwa mkono kama wako, mzima.
"Basi nitalenga kushoto."

Nikapaka mafuta ya kitani, nikaining'iniza kwenye msumari ikauke.
Huko nje Wandiga alikuwa bado anauliza bei,
kwa sauti kubwa
ya mtu asiyejisikia vizuri.